Nyumba Isiyokula Makapi

Andongwisye alikula kiapo chake akiwa kwenye foleni ya unga. Ilikuwa ile miaka ambayo nchi nzima ilikula unga wa njano ulioletwa kwa meli, na yeye, tarishi wa ofisi mjini Tukuyu, alipanga mstari na ndoo yake mkononi huku mvua ikimnyeshea. Alipofika mbele akapimiwa unga uliokuwa na makapi mengi kuliko unga wenyewe. Akawageukia waliokuwa nyuma yake, akasema kwa sauti ya mahubiri kwamba siku atakayopata hela, kinywa chake hakitapitisha tena kitu chenye makapi mpaka anaingia kaburini. Watu wakacheka. Kiapo cha mtu mwenye njaa hakina akili hata kidogo, lakini huyu alikishika kuliko alivyoshika kile cha ndoa.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Biashara ikafunguliwa, kila mwenye chake akaruhusiwa kuuza popote, na Andongwisye akaacha utarishi bila hata kuaga vizuri. Alianza kukusanya mikungu ya ndizi huko Ikuti na Mpuguso, akaipakia kwenye lori la kukodi kwenda Dar es Salaam, na kabla watu hawajaelewa anafanya nini akawa na lori lake mwenyewe. Lori lilishuka limebeba kijani, likapanda limebeba vyeupe: sembe iliyokobolewa mara mbili, sukari, ngano, mikate ya slesi iliyofika imebonyea, na kreti za soda. Akajenga nyumba ya bloku kando ya barabara, akaweka meza ya kioo sebuleni, na juu ya meza hiyo hakikuwekwa chakula chenye rangi.

Ndizi hazikuruhusiwa kuingia ndani. "Ndizi ni bidhaa," alikuwa akisema, "na bidhaa hailiwi." Hata mahindi ya shambani kwake yalikobolewa mpaka yakawa meupe kama chaki, na pumba zikaenda kwa nguruwe. Nguruwe wa nyumba ile walinenepa kwa afya, manyoya yakang'aa, na wageni waliwasifu kabla ya kumsifu mwenye nyumba.

Mkewe, Tupokigwe, alikataa kubomoa jiko la zamani la udongo lililokuwa nyuma. Huko ndiko alikopika chakula chake mwenyewe: ndizi mbichi kwa maharage, majani ya maboga, na ugali wa dona usiochekechwa. Mumewe alimtania mbele za watu kwamba mama huyu ametolewa kijijini lakini kijiji kimegoma kumtoka.

"Baba Godwin," alimjibu, "tumbo langu halina habari kwamba tumetajirika."

Jumapili baada ya ibada walikuja wenzake. Ieleweke ni wenzake wa namna gani. Hawa walikuwa wavulana wa umri mmoja kule Ikuti, walichunga ng'ombe pamoja, wakajijengea vibanda vyao wenyewe pembeni ya wazee wao, wakalala humo na kula humo. Wanyakyusa wana neno la kuketi na wenzako wa rika na kula nao sahani moja, ukwangala, na mtu asiyekuwa nalo hata awe na malori kumi ni maskini. Kwa hiyo Andongwisye aliketi na rika lake, wakanawa katika beseni moja, wakazunguka sinia moja la wali. Hapo ndipo utajiri wake ulipokuwa na maana, kwa sababu ulikuwa na mashahidi.

Shahidi mkuu alikuwa Ezron, mwalimu mstaafu, mtu ambaye alikuwa na maoni juu ya kila kitu isipokuwa juu ya kurudisha mwaliko. Wa pili alikuwa Simon, mkulima wa chai, ambaye hakuwa msemaji, alikula tu. Ezron akishashiba hufuta vidole, husema "Ndaga fijo," yaani asante sana, kisha huanza kumweleza Andongwisye jinsi Andongwisye alivyo mtu mkubwa. Andongwisye alisikiliza habari hizo kila Jumapili na hazikumchosha hata mara moja.

Kiu ndiyo iliyoanza. Alikunywa soda kwa sababu ana kiu, akapata kiu kwa sababu amekunywa soda, na hakuona ajabu yoyote katika mzunguko huo. Akawa anaenda msalani kila mara, na sisimizi wakajua njia ya msalani kuliko yeye. Mwili ukapungua, macho yakaingia ukungu ambao haukuwa ule wa Tukuyu. Kisha viatu vyake vipya, vyeusi, vyenye ncha, vilivyoletwa na lori kutoka Dar, vikamchubua kidole gumba cha mguu wa kulia, na kidonda kikagoma kupona. Alikipaka kila kitu kilichouzwa sokoni. Kidonda kikaendelea na mambo yake.

Tupokigwe alimpeleka hospitali karibu kwa nguvu. Daktari alikuwa Ummy, binti wa Mzee Maulidi mwenye duka la jumla pale sokoni. Kwa hiyo sembe ambayo lori la Andongwisye lilileta, baba wa daktari ndiye aliyeiuza, na watu wa mjini walilifahamu jambo hilo na walilifurahia. Daktari Ummy alipima mkojo, akapima damu, akatazama kidole, akasema ni ugonjwa wa sukari na kwamba yako mambo ya kubadilisha kwenye chakula. Andongwisye aliposikia neno sukari alisimama. Lori lilikuwa likipakiwa, hakuwa na muda wa kusikia yaliyobaki. Alichukua vidonge, akashukuru, akaondoka amejua kila kitu.

Akaacha sukari. Aliiacha kwa kelele. Kopo la sukari lilitolewa sebuleni mbele ya wageni, chai ikanywewa bila sukari na uso umekunjwa, na kanisani akaomba aombewe katika jaribu lake. Ezron alisema haijapata kuonekana nia ya namna hiyo tangu enzi za wamisionari. Na kwa kuwa amejinyima kiasi hicho, Andongwisye aliona ni haki yake kujifidia: mlima wa ugali mweupe ukaongezeka kimo, wali ukaongezewa upawa, slesi za mkate zikatoka mbili zikafika nusu ya mkate. Soda aliiacha, akahamia kwenye maji ya machungwa yaliyokamuliwa mtungi mzima, kwa sababu tunda ni dawa.

Aliporudi hospitali sukari ilikuwa imepanda kuliko mwanzo, na kidole kilikuwa kimeanza kuwa cheusi pembeni.

"Baba, unakula nini?" aliuliza Daktari Ummy.

"Mwanangu, sijalamba sukari tangu siku ile. Muulize mama huyu."

"Sikuuliza usichokula."

Akamtajia. Alimtajia kwa fahari kidogo, kama mtu anayesoma orodha ya mali yake. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita Tupokigwe asogeze kiti, kwa kuwa alishaona ni yupi kati ya hawa wawili mwenye masikio.

"Sukari uliyoiacha ni ile ya kopo tu," alisema. "Sembe ikishuka tumboni ni sukari. Wali ni sukari. Ule mkate ni sukari iliyovaa shati jeupe, na maji ya machungwa ni sukari ya kunywa. Wewe una lori, baba, kwa hiyo nikueleze kwa lori. Ile ngozi ya mahindi, yale maganda ya maharage, yale majani yanayokwaruza koo, hizo ndizo breki. Nyuzinyuzi zile hazikupi nguvu, lakini zinafanya chakula kishuke polepole, sukari iingie kwenye damu kidogo kidogo, na mwili upate nafasi ya kuipokea. Wewe umeng'oa breki zote ukawapa nguruwe, kisha unateremka mlima na mzigo mzima."

"Baba yako ndiye anayeuza hiyo sembe," alisema Andongwisye.

"Anauza. Yeye mwenyewe asubuhi anakunywa uji wa ulezi."

Kisha akawapangia. Dona badala ya sembe, na lenyewe liwe kadiri ya ngumi, siyo mlima. Ndizi, lakini mbichi za kupika, siyo zilizoiva. Maharage kila siku. Majani yajaze nusu ya sahani. Chungwa litafunwe na nyama zake, lisikamuliwe. Atembee kwa miguu akiwa amevaa viatu vipana, na vidonge asiviache. "Kidole hiki nataka ubaki nacho," alimwambia. "Ukiendelea hivi kitaondoka, na hakitaondoka peke yake. Mguu utafuata."

Safari hii aliogopa. Usimwone mtu anajivuna ukadhani hana woga, mara nyingi woga ndio unaomvimbisha. Andongwisye aliutazama mguu wake njia nzima ya kurudi. Mguu huo ulimtoa Ikuti, ulimsimamisha kwenye foleni, uliupanda ule mkanyagio wa lori mara nyingi asizoweza kuhesabu. Aliupenda ghafla, kwa uchungu, kama mtu anayempenda ndugu aliyemdharau miaka yote.

Alikubali kila kitu ila kimoja. Hakukubali kuonekana. Mwenye lori kula dona na maharage ni sawa na kutangaza kwamba lori limeuzwa, na yeye aliwajua watu wa Rungwe: wangempa pole kabla hajameza. Kwa hiyo chakula cha daktari alikila nyuma, katika lile jiko la udongo alilokuwa akilicheka, juu ya kigoda, mlango umefungwa kwa komeo kutoka ndani. Tupokigwe alimpakulia bila kusema neno, na kunyamaza kwake kulimkera mumewe kuliko maneno.

Siku za kwanza tumbo lilinguruma na kumwaibisha. Baadaye likatulia. Akashangaa kwamba dona ngumi moja na maharage vilimfikisha jioni, wakati ule mlima wa sembe ulikuwa ukimwacha na njaa kabla jua halijageuka. Kiu ikakatika. Usingizi ukarudi. Ukungu wa machoni ukaondoka, akaanza kuwaona madalali wake vizuri, jambo ambalo madalali hawakulifurahia. Na kidole, kile kidole, kikaanza kukauka pembeni na kuota ngozi mpya yenye rangi ya waridi. Daktari Ummy alikitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Andongwisye alitoka hospitali akitembea kama bwana harusi.

Tatizo likawa Jumapili.

Wenzake walikuja kama kawaida, sinia la wali likawekwa kama kawaida, na yeye akanawa kama kawaida. Lakini hakula. Jumapili ya kwanza alisema tumbo halijakaa vizuri, iliyofuata alisema amefunga kwa maombi, na zilizofuata hakusema kitu. Aliketi nao, akawasindikiza kwa macho, kisha akainuka akaenda nyuma. Na kule nyuma mlango ukafungwa kwa komeo, moshi ukatoka.

Ezron aliuona moshi.

Sasa huku kwetu mtu anaweza kuwa mlevi akasamehewa, anaweza kuwa mgomvi akavumiliwa, lakini mtu anayewaacha wenzake wa rika mezani akaenda kujifungia na kula peke yake, huyo anaulizwa anakula nini. Na swali hilo halitafuti jibu, kwa sababu jibu linajulikana tangu enzi za mababu. Anayejificha anakula nyama isiyoonyeshwa. Ezron, ambaye alifundisha sayansi kimu, somo la mapishi na lishe, kwa miaka yake yote ya ualimu, alilisema hilo kwanza kwa Simon, kisha msibani, kisha kwenye kituo cha kupimia chai, na kila alipolisema alianza kwa kueleza kwamba yeye haamini mambo hayo.

Mambo yakaanza kuunganishwa. Lori limetoka wapi? Mbona alikonda kisha akarudi na afya ghafla? Mbona nguruwe wake hawafi? Kule Ikuti akina mama walianza kuivuta mikungu yao kutoka barabarani waliposikia lori linapanda, na dereva akarudi na lori lililojaa nusu. Kanisani benchi la Andongwisye likawa na nafasi kubwa pande zote mbili. Yeye aliyetaka watu wasijue kwamba anakula maharage, akawa anajulikana kwamba anakula watu.

Siku moja alasiri Ezron na Simon walifika bila kuitwa, wakapitiliza hadi nyuma, Ezron akausukuma mlango wa jiko. Komeo lilikuwa la mti, likakatika. Andongwisye alikuwa ameshika tonge. Mbele yake kulikuwa na bakuli la maharage, kipande cha dona, na majani ya maboga yaliyopikwa kwa karanga.

Simon alitazama bakuli kwa namna ya mtu ambaye chakula hakijawahi kumkera.

"Ni daktari," alisema Andongwisye. "Ni ugonjwa ule wa sukari. Ameniambia nile hivi, la sivyo mguu unakatwa. Tazameni kidole chenyewe."

Ezron hakutazama kidole. Alikuwa akizitazama pembe za jiko. "Andongwisye, tumelala kibanda kimoja mimi na wewe. Usinifanye mtoto. Mtu mwenye lori, mwenye meza ya kioo, ajifungie na komeo ale maharage? Mimi nakula maharage kila siku, sijawahi kuyafungia mlango. Hiki ni cha kutuonyesha. Kile chenyewe kiko wapi?"

"Hakuna kingine."

"Basi Jumapili tule pamoja. Wote, rika zima, uwanjani kwako, mbele za watu. Sinia moja. Ukila na sisi nitawanyamazisha wote wanaosema. Usipokula, mimi sitaweza kukusaidia."

Walipoondoka, Tupokigwe alichukua nyundo akaanza kutengeneza komeo, kisha akaona halina kazi tena, akaliweka chini. "Jambo lenyewe jepesi," alisema. "Wanataka mle sahani moja. Mle. Nitapika dona la kuwatosha wote, na maharage, na ndizi. Desturi inataka mle pamoja, haikutaja wali."

Andongwisye alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue suruali sokoni. "Rika zima lije kwangu, niwape dona? Waende wakasimulie nini? Watasema nimefilisika."

"Sasa hivi wanasema wewe ni mchawi."

"Mchawi mwenye lori," alisema Andongwisye, na akalisema bila kucheka.

Tupokigwe aliketi kwenye kigoda. Alimpenda mtu huyu tangu akiwa tarishi mwenye ndoo, na saa ile alimwonea hasira. "Baba Godwin, mguu ni wako. Lakini atakayekubeba ni mimi."

Jumapili ikapikwa karamu ambayo Tukuyu ilikuwa haijaiona. Mchele ulitoka Kyela magunia, ngano ikawa maandazi na chapati, soda zikapangwa kreti juu ya kreti. Rika zima lilikuja, na wasio rika pia, maana habari ya mtu anayethibitisha kwamba yeye hali nyama ya watu huvuta umati kuliko harusi. Sinia likawekwa katikati ya uwanja. Ezron aliomba sala ndefu. Kisha macho yote yakahamia kwenye mkono wa Andongwisye.

Akala. Tonge la kwanza lilishangiliwa na la pili likapigiwa vigelegele. Kila alipotaka kupumzika Ezron alimsogezea, akisema, "Ongeza, ndugu yangu, wakuone." Akaongeza. Akashushia soda, akatafuna andazi, akarudi kwenye wali. Na ukweli usifichwe: ulikuwa mtamu. Alikuwa ameukumbuka wali ule kwa mwili wake wote, na machozi yaliyomtoka, ambayo watu waliyachukua kuwa ya mtu aliyesingiziwa, yalikuwa ya ulafi na furaha. Alirudi kuwa mtu mbele za watu. Benchi la kanisani likajaa tena pande zote mbili, na mikungu ya Ikuti ikarudi barabarani.

Lakini mtu akishatuhumiwa jambo la namna ile, hasafishwi kwa mlo mmoja. Jumapili iliyofuata walikuja kuhakikisha, na iliyofuata tena. Akaalikwa na watu ambao hawakuwahi kumwalika, na kila alikokwenda alipakuliwa sahani ya kupimia roho yake: wali, ugali mweupe, chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Akikataa, wanatazamana. Kwa hiyo hakukataa. Kwenye jiko la nyuma hakuonekana tena, na vidonge alivimeza pale alipovikumbuka. Tupokigwe alimwambia mara nyingi, kisha akachoka.

Ile ngozi ya rangi ya waridi ilipasuka kabla mvua kubwa hazijaisha. Kidole kikawa cheusi, halafu kikaanza kunuka, naye akakificha ndani ya soksi na ndani ya vile viatu vyenye ncha mpaka homa ikamwangusha kwenye ngazi za lori. Daktari Ummy aliifungua soksi. Alitoka nje akasimama kidogo, akarudi na daktari wa upasuaji. Walikata chini ya goti.

Andongwisye alilia siku ile kwa sauti kubwa, bila aibu, wodi nzima ikamsikia. Hakumlaumu Ezron na hakumlaumu shetani. Alilia tu, na Tupokigwe akakaa pembeni akimshika bega, na yeye akalia pia.

Aliporudi nyumbani wenzake walikuja kumpa pole. Walileta vile vinavyopelekewa wagonjwa: kreti ya soda, mikate miwili ya slesi, na makopo ya glukosi. Ezron aliyapanga makopo hayo juu ya meza ya kioo kwa mpangilio mzuri, lebo zikitazama mbele. Kisha akakaa, akatazama pale mguu ulipokuwa zamani, akatikisa kichwa.

"Mbombo ngafu," alisema, yaani kazi ni nzito. "Lakini tumshukuru Mungu kwa moja. Sasa hakuna mtu hata mmoja atakayesema wewe ni mchawi. Mchawi asingekubali kukatwa mguu."

Simon alikubali kwa kichwa. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuufungua mkate.

Hasira ilimpanda Andongwisye kutoka mahali ambapo hapakuwa tena na mguu. Akamwita Tupokigwe, akamwambia alete chakula, kile cha nyuma, chote, kwenye sinia kubwa.

Sinia likaja likawekwa juu ya meza ya kioo, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza meza ile kuona rangi: dona la kahawia lenye chembe za makapi zinazoonekana kwa macho, maharage, ndizi mbichi zilizopikwa, na majani ya maboga nusu ya sinia. Beseni likazungushwa. Ezron alinawa taratibu sana, akasema alikula kidogo kabla ya kutoka kwake. Simon naye akasema hana njaa, na hilo halikuwahi kusikika kutoka kwake.

"Ezron," alisema Andongwisye kwa upole, "tumelala kibanda kimoja. Ninapokula mimi, wewe huli? Basi unakula wapi, na unakula nini, ambacho rika lako haliwezi kukiona?"

Ezron alimtazama Simon. Simon alimtazama Ezron. Mlangoni walikuwa wamesimama majirani waliokuja kutoa pole, na wote walikuwa wamesikia. Mkono wa Ezron ukashuka kwenye sinia, ukamega tonge la dona, ukachovya. Simon akafuata. Wakala mpaka mwisho, wakikwaruzwa makoo, na hakuna aliyesimulia kwamba Andongwisye amefilisika.

Tupokigwe aliondoa sinia lililobaki tupu. Mumewe hakumtazama usoni, maana alijua anachokiwaza, naye alikuwa akikiwaza hicho hicho. Maneno yenyewe aliyomwambia Ezron yalikuwa machache. Angeyasema Jumapili ile, pale uwanjani, angeyasema akiwa amesimama kwa miguu miwili.